Safisha Mbili

"Hitilafu ikitokea ofisini, tafuteni mkono mwingine. Wangu haumo!" Injinia aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, harusini kwa shemeji yake, mbele ya wakwe na mpiga picha. Wakwe walipiga makofi. Wakwe hupiga makofi hata ukikohoa.

Bwana harusi, mdogo wa mkewe, alikuwa kwenye mkataba wa majaribio ofisini humo humo, wanakotengeneza programu ya ghala la vifurushi. Kila mmoja wao aliandika maktaba yake, yaani fungu la kazi ndogondogo ambazo programu huziita kwa majina.

Punde namba za vifurushi zikaanza kupoteza sifuri za mbele. Kifurushi 0047 kikawa 47, kikatupwa rafu ya 47. Mteja aliyengoja dawa ya macho akakabidhiwa ndara.

Kazi ya kusafisha namba ilikuwa ya shemeji, ikiitwa safisha. Injinia aliipekua mstari kwa mstari. Haikuwa na doa. Hapo ndipo alipozidi kushuku.

"Usafi huu ni wa mtu aliyefuta nyayo," alimwambia mkewe.

"Huyo mdogo wangu? Hata uongo wa simu humshinda!"

"Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Akaenda kumnong'oneza meneja kwamba kijana hubadilisha vitu akishakaguliwa. Meneja, mama asiyependa hadithi ndefu, akasema basi Ijumaa hatausaini mkataba wa kumwajiri kijana moja kwa moja. Shemeji alipopata habari alimfuata Injinia mezani.

"Shemeji, unaninusa kama mbwa wa forodha. Nimekukosea nini?"

"Mwenye hofu ndiye huuliza," Injinia akajibu bila kugeuka.

Akitafuta ushahidi wa kummaliza, aliiamuru mashine itaje, kila jina likiitwa, ni maktaba gani inayoitika. Safisha ikaitwa. Ikaitika maktaba ya Injinia.

Naye alikuwa na safisha yake, ya kufuta sifuri za mbele kwenye uzito wa mizigo. Mashine haichagui: humkabidhi kazi wa kwanza kuitika. Na maktaba yake ndiyo ilipakiwa kwanza, kwa amri yake mwenyewe, kwamba mkubwa hutangulia.

Akaishuku mashine. Akaizima, akaiwasha. Akashuku hata waya. Jibu lilelile.

Ijumaa aliingia kwa meneja bila kukaa. "Mama, kijana hana kosa. Safisha yangu inaitikia miito ya yake."

"Kwa nini hukuifungia ndani ya maktaba yako, isiitikie miito ya nje?"

"Nilitaka kila mtu aitumie."

"Imetumika," mama akasema, akachukua kalamu, akasaini.

Shemeji alishukuru vizuri, kwa mdomo. Jumatatu aligeuza skrini yake ikatazama ukuta, Injinia asiione, na kwenye droo ya meza akatia kufuli jipya la shaba. Kufuli la aina hiyo ni shilingi elfu tisa.