Kinara Katikati ya Meza

Jirani yangu anasugua sinia la shaba kwa limau na majivu. Harufu ilipovuka ukuta, nilifunga dirisha.

Asubuhi ile ya utotoni mwangu, baba alikuwa anarudi nyumbani Iringa kutoka hospitali ya Mbeya. Mama alitandika meza ya chakula kitambaa alichokifuma mwenyewe, akanipa limau na majivu nisugue kinara cha shaba, kile cha zamani ambacho bibi aliachiwa na masista wa misheni. Nilisugua mpaka nikauona uso wangu. Tukakiweka katikati, tukakizungushia maua ya bustanini. Mama alirudi nyuma hatua moja, akaitazama meza, akatabasamu peke yake.

Baba mdogo ndiye aliyeingia kwanza, koti limelowa ukungu.

"Karibu, shemeji. Mgonjwa yuko wapi?"

"Yuko nyuma, anakuja," alijibu huku anatazama sakafu.

Akainua kinara, akakiweka dirishani. Kisha akatanua mikono juu ya meza, akapima urefu wake.

Mama alikusanya maua, akakunja kitambaa, akaanza kuvuta viti nje ili wanaume wapate pa kupita na jeneza.

Mimi nikamuuliza, sasa baba atakaa wapi?