Duara Lisilofutika

Wifi yangu hajui kutulia. Miaka ishirini na miwili yuko kwenye cherehani, lakini hata hapo miguu inakanyaga, mikono inasukuma kitambaa, mdomo unasema watu. Mtaani wanamwita Futikamba, maana ile kamba ya kupimia haimtoki shingoni hata msibani.

Mtu huyo ndiye aliyelazwa siku nne kusubiri kukatwa saratani ya utumbo, na mlinzi wake nikawa mimi. Aliambiwa atembee koridoni mara mbili kwa siku, avute pumzi ndefu, ale vizuri apate nguvu. Alitembea mara ishirini, pumzi akasahau, chakula akanusa tu.

Kubwa zaidi lilikuwa duara. Baada ya upasuaji haja kubwa ingetokea tumboni, kwenye mfuko wa kubandika, na nesi alimchora duara la wino pale mfuko utakapokaa. Asubuhi halipo. Akamchora tena. Jioni halipo. Nesi akaniangalia mimi kana kwamba ndimi niliyelilamba. Akatuambia wazi kwamba bila alama daktari atakisia mgonjwa akiwa usingizini, na mfuko ukiangukia kwenye mkunjo wa tumbo utavuja kila siku.

Ukabaki usiku mmoja kabla ya upasuaji. Nikamkuta bafuni, kainua gauni, anajisugua kwa sabuni.

"Unasugua nini, wifi? Sufuria?"

Hakucheka. "Nani ataniletea kitambaa chake, mimi nanuka?"

Maneno ya kubembeleza sikujaliwa. Nikamwambia, "Wateja wako wamevumilia mdomo wako miaka yote hiyo. Mfuko ndio utawashinda?"

Hapo akacheka, akalia, akajifuta kwa mkono wenye povu. Kisha akasema kwa hasira, kama fundi aliyeona kazi mbovu, "Na kwanza kapachora vibaya. Kanipima nimelala. Mimi nalala kazini?"

Nikamwita nesi. Akaja amechoka, wagonjwa kumi na mmoja mikononi, akakiri kwamba mara zote mbili alichora harakaharaka. Tukaweka kiti. Wifi akaketi, akainama mbele kama anaingiza uzi kwenye sindano, miguu ikakanyaga sakafu tupu. Kweli, pale pa zamani palijikunja na kupotea. Akasimama, akaketi, akafunga khanga, akainama tena. Mwishowe akatoa chaki yake ya kushonea mkobani, akachora duara mwenyewe, juu kidogo, mbali na kiuno cha sketi.

"Hapa," akasema. Nesi akapita juu yake kwa wino.

Asubuhi walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Alikuwa analalamika kwamba aliyeshona lile gauni la upasuaji kaacha bega moja limeshuka. Walipofika mlangoni akanivuta mkono, akafunua shuka kidogo.

"Lipo, umeona?"

Nikamwambia nimeona. Wakamwingiza, na chini ya shuka miguu yake ilikuwa bado inakanyaga.