Kiungio cha Mwisho

Mtaani walimwita Mama Uzi, maana alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake. Siku alipouza kiwanja na kumkabidhi mdogo wake pesa zote aanzishe karakana ya viungio vya faiba, zile nyaya za intaneti, watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Mama Uzi kaacha uzi wa pamba, kafuata uzi wa kioo usioweza kushona hata kifungo! Yeye akawajibu kuwa mtoto akililia wembe mpe, na huyu ni mtoto wa mama yake.

Karakana ilikuwa vyumba viwili. Cha nyuma, mdogo wake na msaidizi wake, binti mpole, walisugua ncha za nyuzi nyembamba kuliko unywele na kuzifunga kwenye viungio vidogo. Cha mbele Mama Uzi aliweka cherehani lake, akashona huku akilinda mali yake. Ukutani kati yao palikuwa na kidirisha.

Kila kiungio kipya kilijaribiwa kwa sauti. Mdogo wake alisema kule nyuma, sauti ikageuzwa mwanga, ikazunguka kwenye rola kubwa la faiba, ikapita kwenye kiungio, ikatokea kwenye spika kando ya cherehani: "Dada, unanisikia?" Njia ilikuwa ya upande mmoja. Kwa hiyo Mama Uzi alinyoosha mkono mbele ya kidirisha kuonyesha amesikia, basi, akaendelea kushona.

Siku ile binti alikuwa ametoka kununua gundi. Spika ikasema, "Dada, unanisikia?" Mkono juu. Ikarudia. Mkono juu. Mara ya tatu sauti ilitoka chini kabisa, na Mama Uzi, macho yakiwa kwenye pindo la sketi, akapaza sauti, "Hicho kibovu, kitupe! Sauti inafifia!"

Binti aliporudi alimkuta mdogo wake Mama Uzi kule nyuma, chini ya meza. Moyo ulikuwa umesimama.

Tangu hapo Mama Uzi alishikilia neno moja kama mtu anavyoshikilia kamba kisimani: kiungio kilikuwa kibovu. Kingekuwa kizima angemsikia, angekimbia. Spika aliifunika kitambaa. Lakini mchana, akishona, mkono wake ulikuwa unapanda wenyewe kuelekea kidirishani, naye anaushusha kwa mkono mwingine. Aliuogopa mkono wake mwenyewe.

Kisha akaja mwekezaji, bwana mwenye viatu vinavyolia. Mgeni njoo mwenyeji apone, na karakana ilikuwa inakata roho. Akasema yuko tayari kuweka pesa, ila kwanza asikie kiungio kikifanya kazi, kwa masikio yake.

"Kimebaki kiungio kimoja tu kilichokamilika," binti alimnong'oneza Mama Uzi. "Cha kaka. Bado kiko mtamboni, sijakigusa tangu siku ile. Nifanyeje, mama?"

Mama Uzi alikitazama kitambaa juu ya spika. Kiungio kikiwa kibovu, kiwanja kimekwenda na maji, na jasho la mdogo wake pia. Kikiwa kizima, je? Hilo hakuthubutu kulimaliza.

"Jaribu, mwanangu," alisema.

Akaondoa kitambaa kwenye spika. Mwekezaji akainama, mikono mgongoni. Kule nyuma binti akakaa mezani.

"Mama, unanisikia?"

Sauti ilitoka safi, karibu, hata pumzi ya binti ilisikika. Mkono wa Mama Uzi ukaanza kupanda. Akaukamata katikati ya njia, akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake, akakimbilia chumba cha pili mbio ambazo hajawahi kuzipiga tangu utoto. Binti aligeuka kwa mshtuko. Mama Uzi alimshika mabega, akamtazama uso mzima, akamshika na shavu, lilikuwa na joto.

"Nimekusikia," alisema. "Nimekuja."

"Vipi huko?" mwekezaji aliuliza kutoka mbele. "Kimegoma?"

Mama Uzi alikitazama kiungio pale mtamboni, kidogo, kinang'aa, hakina kosa.

"Kizima," alijibu. "Hata siku ile kilikuwa kizima."