Nimemenya dengu asubuhi nzima, wifi akasema hummus kaibeba kutoka Dar

Wakuu, habari za Jumapili. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Tabora mjini, sijaongeza chumvi. Bado nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni Mnyamwezi wa Usoke, nimeolewa kwenye familia yenye asili ya Oman.

Baba mkwe ni mzee sana, meno hana, na tangu atoke hospitali alikuwa anakataa chakula. Uji anasukuma. Mchuzi anasukuma. Siku moja akasema anatamani hummus, ile dengu laini ya kusaga aliyokuwa akitengeneza marehemu mama yake.

Nikanunua dengu kavu za Nzega. Nikaloweka, nikachemsha, nikasaga kwenye blenda.

Wakuu, ilitoka kama mchanga! Mzee alilamba kidogo, akageukia ukutani. Niliumia.

Nikarudia. Safari hii nililoweka usiku kucha na magadi soda kidogo, nikachemsha na magadi tena mpaka dengu zikawa zinapondeka kwa vidole. (Msizidishe magadi, mtakula sabuni.) Kisha nikazimenya maganda, moja moja. Asubuhi nzima iliishia hapo.

Nikazipasha moto tena, nikazisaga zikiwa za moto pamoja na ufuta niliokaanga na kuusaga, limao, kitunguu saumu, chumvi na maji ya barafu. Ikatoka laini kama mtindi mzito.

Nikaiacha jikoni, nikaenda kuoga.

Kurudi, namkuta wifi yangu, aliyefika siku hiyo kutoka Dar, anamlisha mzee mbele ya wageni waliokuja kumjulia hali. Bakuli langu! Mzee anakula huku machozi yanamtoka.

"Nimeibeba kutoka Dar," wifi anawaambia wageni. "Huku nani anajua kutengeneza hivi?"

Mama mkwe alikuwepo, na asubuhi aliniona nikimenya. Akanitazama, akainamisha macho. Hilo liliniuma kuliko uongo wenyewe.

Nikanyamaza, kwa sababu mzee alikuwa anakula.

Kesho yake akaomba tena. Wifi akamjibu, "Imeisha Baba, mpaka niagize."

Yaani mzee akae na njaa ili uongo wake usimame?

Hapo nilishindwa. Nikachukua sufuria ya dengu nyingine nilizokuwa nimechemsha, nikakaa kwenye mkeka kando ya kitanda chake, nikaanza kumenya.

Mzee akaniangalia. "Kumbe ni wewe, mwanangu?"

"Ndiyo, Baba."

Hakumsema mtu. Alinyoosha mkono, akachukua dengu, naye akaanza kumenya.

Wifi kusikia hivyo, akasema eti alikuwa anatania. Karudi Dar bila hata samahani. Mama mkwe naye kimya mpaka leo.

Nilichojifunza: menya maganda, saga za moto, na ukishapika peleka chakula kwa mkono wako. Kuoga kutasubiri.

Nyie mngesema siku ile ile mbele ya wageni? Na huyu mama mkwe nimwanzeje? Karibuni mchangie, ila atakayeniandikia "ndoa ni uvumilivu" aje kwanza amenye kilo ya dengu.