Karanga za Baba Mkwe

Watu husema mila hii imekwisha. Labda imekwisha kwenu. Kwenye familia niliyoolewa mimi, nje kidogo ya mji wa Kyela, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hamsemeshi, hapiti anapopita yeye. Akitokeza kwenye njia ya migombani, mimi nachepukia kwenye mikakao hadi amalize kupita. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka. Nikaja kuzoea, bwana. Tuliishi kiwanja kimoja miaka na miaka, na mtu angeniuliza baba mkwe wako yukoje, ningemwambia ana kikohozi kizito na mabuti ya mvua ya kijani. Basi.

Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Daktari akampunguzia chumvi na nyama ya nguruwe, na makelele aliyopiga siku hiyo niliyasikia mpaka jikoni kwangu. Badala yake akaambiwa ale karanga, kiganja kimoja kila siku, zisizo na chumvi, maana mafuta yake hayaudhuru moyo na zinashibisha. Mama mkwe akalishika neno hilo kama sala. Kila asubuhi alimwandalia mwenyewe, mimi sikuwahi kuona anavyoziandaa.

Siku ya msiba upande wa Itungi, nyumba nzima ikaondoka. Mume wangu alikuwa Mbeya. Mama mkwe akanipigia kelele akiwa tayari juu ya bodaboda, "Mpe baba yako karanga zake!" Hakusema zaidi.

Nilizikaanga vizuri, zikanukia. Nikaweka bakuli kwenye kigoda barazani, nikagonga mlango, nikarudi haraka nyuma ya jiko langu kama inavyotakiwa. Mvua ilikuwa imeanza. Nikamsikia akivuta kiti, akaketi. Baadaye kidogo akakohoa. Akakohoa tena, halafu kikohozi kikakatika katikati. Kiti kikaanguka.

Mungu wangu, nimemuua.

Nikapiga ukunga kuita majirani. Nani angesikia, na mvua ile juu ya bati? Nikabaki nyuma ya jiko. Niliogopa asije akafa, na niliogopa kumwona, na mpaka leo sijui hofu ipi ilikuwa kubwa zaidi. Shangazi yangu alinifunda kwamba mkamwana akimgusa baba mkwe, nyumba haikaliki tena. Nikamfikiria mume wangu akirudi na kuniuliza, wewe ulikuwa wapi baba anakufa? Nimjibu nini? Nilikuwa nyuma ya jiko?

Nikajifunika kanga kichwani, nikaenda nikitazama chini. Nikaona mabuti ya kijani, yanapiga teke sakafu. Ujinga gani huu, nikajiambia, utampigaje mtu mgongo usiouona? Nikaitupa kanga. Nikamtazama.

Ilikuwa sura ya mume wangu, imezeeka, midomo imebadilika rangi, macho yamemtoka hivi, yananiomba. Kinywa kilikuwa wazi. Ndani yake fizi tupu, meno mawili tu ya mbele. Watu wote wa nyumba ile walijua karanga zake hutwangwa. Mimi peke yangu sikujua, kwa sababu mimi peke yangu sikuruhusiwa kumwangalia.

Nikamwinamisha kwenye mkono wangu, nikampiga katikati ya mabega. Hakuna kitu. Nikampiga tena huku nalia, "Taata, baba, usife! Taata!" Nilimpiga kama mtu niliyegombana naye. Karanga ikaruka, akavuta pumzi ndefu yenye mlio. Nikamwachia, nikakimbia.

Nilikaa nyuma ya jiko, nimelowa. Nilishaona begi langu limefungwa, na aibu ya kurudishwa kwetu Ikombe kwa mtumbwi, mama yangu akiuliza umefanya nini.

Mama mkwe akarudi. Nikamsikia akisimama barazani.

"Kiti kimeangushwa na nani? Na karanga hizi mbona nzima?" Akakiinua kiti. "Baba, si nakuuliza? Kuna nini?"

"Nimepigwa," akasema baba mkwe, sauti inakwaruza.

Nikafumba macho.

"Umepigwa? Na nani?"

"Nimepigwa na mwanangu. Mwite aingie ndani ale. Yuko nyuma ya jiko tangu mchana, analowa."