Vumbi Ambalo Sheria Haikulitaja

Mume wangu alikuwa fundi wa kuezeka. Miaka ya sabini, shule au kanisa lolote kati ya Kibwezi na Mtito Andei lilipotaka mabati ya asbesto, aliitwa yeye. Aliyasifu kwamba hayashiki kutu na hayapigi kelele mvua ikinyesha, ingawa mvua yenyewe tuliiona kwa nadra. Aliyakata kwa msumeno yakiwa makavu, na jioni alirudi nyumbani kichwa cheupe kama cha msaga unga.

Kikohozi kilimwanza watoto wetu wakiwa wakubwa. Tulidhani ni TB. Akameza dawa mpaka zikaisha, kikohozi kikabaki. Mwishowe daktari alituonyesha picha ya mapafu, akatueleza kwamba vumbi la asbesto lina nyuzi ndogo ajabu, jicho haliwezi kuziona, na zikishaingia kifuani hazitoki. Dawa yake, alisema, hakuna.

 Kesho yake mume wangu akaanza kuwazungukia vijana aliowafundisha kazi, akiwasihi wasiyakate mabati makavu, wayaloweshe maji kwanza ili vumbi lisipae. Walimwambia ugonjwa umemtia woga. Basi tukapanda basi hadi kwa afisa wa leba, msimamizi wa mambo ya wafanyakazi, ili awakataze yeye.

Alikuwa mtu mpole. Alitupa viti, akafungua kitabu cha sheria, akasoma kwa muda mrefu.

"Mzee, hapa naona mtu wa kiwandani," alisema. "Fundi aliye juu ya kanisa sioni pa kumweka. Na vumbi hili halijatajwa."

"Na likitajwa?"

"Hapo nitakuja kuwasimamisha mwenyewe."

Tulimwuliza ni nani wa kulitaja. Akasema ni wakubwa wa Nairobi, na kwamba ameshawaandikia bila kujibiwa. Nilimwamini, na hilo ndilo lililonivunja moyo. Angekuwa mtu mbaya, ningepata wa kulaumu.

Mume wangu tulimzika kabla ya mvua za kupanda. Baadaye kanisa letu likaongezwa ukubwa kwa mabati yale yale, na wale vijana wakapanda juu na misumeno yao. Nilimwendea mchungaji awazuie. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza kama serikali imekataza. Nikasema haijakataza. Akasema tuwaombee.

Mmoja wa vijana wale alianza kukohoa mtoto wake wa kwanza akiwa bado hajaingia shule. Mkewe alikuja kwangu kuuliza aende ofisi gani. Nilimpikia chai. Sikuwa na ofisi ya kumtajia.