Wa Kwanza Kwenye Simu ya Mjomba

Duka la mjomba wangu lilikuwa namba moja mtandaoni kwa siku arobaini na moja mfululizo.

Na katika siku zote hizo, hakuna kiumbe aliyeliona.

Najua unasema huyu dada ameanza. Tulia. Nilikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho.

Mjomba ni fundi wa mafriji, tena si wa kubahatisha. Ukimletea friji anaweka sikio ubavuni, anafumba macho, anasikiliza, halafu anakutajia ugonjwa. Mimi shule niliishia ya msingi, nikaja kwake kujifunza kazi. Nilishajua kubadili raba ya mlango, kusafisha mgongo wa friji na kupokea simu kwa adabu.

Tatizo simu zenyewe zilikuwa hazipigwi.

Duka liko uchochoroni, nyuma ya ghala la magodoro. Mtu hafiki pale ila amepotea. Ndipo mjomba akatengenezewa tovuti: jina, namba ya simu, na picha yake amelikumbatia friji kama bwana harusi.

Siku hiyohiyo akatuita mimi na mkewe.

"Mkataba wa hiki chumba umebakiza miezi minne. Wateja wakija, tunaendelea. Wasipokuja, nafunga, naenda kuajiriwa. Na wewe mpwa wangu utarudi kwa mama yako."

Kurudi kwa mama maana yake ni kulea watoto wa dada zangu mpaka meno yanitoke.

Basi kila asubuhi, kabla hata ya kufungua kufuli, mjomba alikuwa anatoa simu, anaandika "fundi friji", anasubiri.

"Wa kwanza!"

Anainua simu juu kama kombe. "Nimewaambia! Mji mzima, mafundi wote, mimi ndiye wa kwanza!"

Kisha anatubonyezesha. Yeye mara ishirini, mkewe mara ishirini, mimi mara ishirini, wote kwa simu yake. Alisema tovuti ni kama kisima, kisipotekwa kinakauka.

Tukateka. Wateja hakuna.

"Kama sisi ndio wa kwanza," mkewe akauliza siku moja, "hao watu wanapita wapi?"

"Wanajipanga," akajibu mjomba.

Wiki ya tano akamleta jamaa mmoja mwenye suti anayejiita Bingwa wa Mitandao. Bingwa akaisoma tovuti kwa sekunde tatu, akatikisa kichwa kama daktari anayewaandaa ndugu wa mgonjwa kwa habari mbaya.

"Neno friji halitoshi humu."

Akaliongeza. Alipoondoka, ukurasa wetu ulisomeka hivi: "Fundi friji bora wa friji anayetengeneza friji kwa wenye friji wanaotaka friji lao liwe friji."

Nikasoma mara mbili nikasikia baridi.

"Mjomba, huyu mtu akiwa ana friji bovu, hapa amejibiwa nini?"

"Mwanangu, hayo ni mambo ya kitaalamu. Yaache."

Nikayaacha. Ila macho sikuyafumba.

Siku ya arobaini na moja akaingia mama mmoja, mwalimu, amepotea anatafuta godoro. Nikamwonyesha njia, halafu nikamwomba kitu.

"Samahani mama. Hebu andika kwenye simu yako 'fundi friji', tuone."

Akaandika. Ukurasa wa kwanza, hatupo. Wa pili, hatupo. Mwalimu wa watu ana subira, akaendelea kufunua. Wa sita hatupo. Ukurasa wa tisa, chini kabisa, chini ya tangazo la mtu anayeuza friji "bovu lakini linafaa kuwekea nguo", ndipo nilipoiona ile picha ya bwana harusi.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Simu ya mwalimu ni mbovu," akasema.

"Simu yangu ni mpya, baba," mwalimu akajibu. "Yako ndiyo imekuzoea. Ukifungua kitu kimoja kila siku, inakuwekea hicho mbele. Inajua unachokipenda."

"Yaani simu yangu mwenyewe inanidanganya?"

"Haikudanganyi. Inakubembeleza."

Mjomba akakaa juu ya friji la mteja aliyefariki mwaka juzi.

Kesho yake nikaomba ruhusa ya kuigusa tovuti. Akanipungia mkono kama anafukuza nzi: fanya utakalo.

Mimi sina utaalamu. Ninachojua ni kusikiliza. Kwa miaka miwili nimewasikiliza wale wachache waliofika wakieleza mafriji yao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia akasema "natafuta fundi friji bora". Wanasema: friji langu linakoroma. Maziwa yanaharibika na taa inawaka. Barafu imejaa mpaka mlango haufungi.

Nikafuta mafriji yote ya Bingwa. Nikaanza kuandika yale maswali kama yanavyoulizwa, na chini ya kila swali, jibu. Kama linakoroma, huenda limelala upande, liweke sawa. Kama halipoozi, sogeza mgongo wake utoke ukutani, lipumue. Raba ikilegea, ioshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Barafu ikijaa, zima, acha mlango wazi, subiri iyeyuke. Usiibandue kwa kisu. Ukitoboa, gesi inatoka.

Kila siku swali moja. Mjomba alipokuja kusoma, akaruka.

"Wee mtoto! Unawagawia watu ufundi wangu bure? Wakijua kuosha raba, watakuja kufanya nini hapa?"

"Sasa hivi hawajui, mjomba. Wanakuja?"

Akachukua bisibisi yake, akaondoka.

Kila Jumamosi nilikwenda kwa mwalimu tukaangalia kwenye simu yake. Wiki ya kwanza ukurasa wa tisa. Ya pili wa tisa. Ya tatu wa tisa, mpaka nikaanza kumwonea huruma yule wa friji la nguo. Mwezi wa pili tukafika wa nne. Kisha wa pili.

Halafu ukiandika "barafu imejaa kwenye friji", wa kwanza sisi. Kwenye simu ya mwalimu, ya muuza magodoro, hata ya askari wa geti la ghala.

Simu ya duka ikaanza kulia.

"Haloo, fundi? Nimeosha raba, friji limepona! Mungu akubariki!"

"Fundi, nimelisogeza, limenyamaza. Asante sana!"

Kwa siku nne, simu thelathini na moja. Zote za shukrani. Friji la kutengeneza, hakuna hata moja.

Mjomba akanitazama. "Hongera. Umetibu mji mzima na sisi tunakufa njaa."

Nililia stoo, kimyakimya, nimeshika raba mkononi.

Siku ya mwisho ya mkataba ikafika. Mjomba akapanda ngazi na bisibisi, akaanza kufungua kibao cha duka. Mimi nimeshika ngazi, begi langu liko mlangoni.

Amebakiza skrubu moja, pikapu ikaingia uchochoroni kinyumenyume. Akashuka mama mmoja mnene, ana hasira, na nyuma ya pikapu kuna friji.

"Hapa ndipo kwa wale walioandika habari za barafu?"

"Ndipo," nikasema.

"Mmeandika tusitumie kisu."

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu amesoma. Akasema bisibisi si kisu."

Mjomba huko juu akaitazama bisibisi yake, akaificha nyuma.

"Gesi yote imetoka. Fssss! Paka alihama nyumba."

Mjomba akashuka, akalichungulia. Tundu hilo hapo. "Linazibika. Lakini mama, kwani huko kwenu hakuna fundi wa karibu?"

"Yupo. Lakini nyie mliniambia ukweli kabla hamjaona hata shilingi yangu. Huyo mwingine nitamwaminije?" Akageuka kwa dereva. "Shusha! Na upesi, umfuate jirani yangu. Yeye ametumia uma."

Mpaka saa kumi tulikuwa na mafriji matano mlangoni, na mwenye nyumba amekuja kuuliza kama tunaandika mkataba mpya.

Mjomba akanivuta pembeni.

"Mwanangu, ongeza pale: bisibisi nayo hapana." Akafikiri, akashusha sauti. "Ila uma usiutaje kwanza."

Niliutaja. Kijiko pia.

Ndugu yangu mwenye tovuti unayesoma hapa, nina neno moja tu kwako. Ukijitafuta mwenyewe kila asubuhi, utajipata kila asubuhi, na hiyo haina faida. Kamtafute mwenye shida, sikiliza anavyolia, mjibu kwa maneno yake, na usimfiche kitu. Watu wakishakuamini watakuja wenyewe, hata wale ambao hawasomi mpaka mwisho.